Bunduki ya easofti ikiharibika: Kuitengeneza au kununua nyingine?

Na Mwandishi Wetu

MCHEZAJI amejificha nyuma ya gogo. Mpinzani anapita hatua chache mbele yake, naye anavuta kifyatulio, yaani traiga, lakini bunduki haitoi hata gololi moja. Mchezo wake umekwisha kwa siku hiyo, na linaanza swali ambalo kila mwenye bunduki ya easofti hukumbana nalo siku moja: aitengeneze au anunue nyingine?

Swali hilo linaonekana dogo, kwa kuwa kinachozungumziwa ni kifaa cha mchezo kinachorusha gololi za plastiki. Hata hivyo, jibu lake linagusa mambo matatu mazito, ambayo ni fedha za mwenye kifaa, usalama wa walio karibu naye na sheria ya nchi anamoishi.

Wapo wasomaji wetu walioko Uingereza, Marekani na kwingineko ambao wao wenyewe au watoto wao wameuzoea mchezo huu. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyofanya kazi, hitilafu zinazokipata mara kwa mara, na vigezo vya kuamua lini kinafaa kutengenezwa na lini ni busara kuachana nacho.

CHIMBUKO LAKE

Mchezo wa easofti ulianzia Japan katika miaka ya 1970. Nchi hiyo ilikuwa na sheria kali ya kudhibiti silaha za moto na mapanga iliyotungwa mwaka 1958, ambayo ilimfungia raia wa kawaida njia ya kumiliki bastola. Waliopenda umbo na historia ya silaha wakatengenezewa mifano inayofanana nazo kwa sura, lakini inayorusha gololi nyepesi kwa nguvu ndogo.

Mwanzoni mifano hiyo ilitumia springi inayovutwa kwa mkono, kisha ikaja ile ya gesi. Mwaka 1991, kampuni ya Tokyo Marui ya Japan ilitoa bunduki ya umeme yenye umbo la FA-MAS, bunduki iliyokuwa ikitumiwa na jeshi la Ufaransa. Tangu hapo bunduki zenye mota na betri zimetawala viwanja vya mchezo huu.

Gololi inayotumika zaidi ina kipenyo cha milimita 6, na iliyozoeleka kwa vipimo ni ile yenye uzito wa gramu 0.20. Ikitoka mtutuni kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli moja. Risasi ya bastola ya kweli ya milimita 9 hubeba takriban jouli 500.

Tofauti hiyo ndiyo inayoufanya uitwe mchezo. Lakini jouli moja inatosha kuliharibu jicho la binadamu, na ndiyo maana hakuna kiwanja makini kinachomruhusu mtu kuingia bila miwani ya kinga. Kinga hiyo hiyo inatakiwa mezani kwa fundi.

INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya bunduki ya umeme kuna sanduku la chuma ambalo mafundi huliita giaboksi. Kifyatulio kinapovutwa, umeme wa betri huingia katika mota, nayo huzungusha gia tatu zinazofuatana. Gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu.

Meno hayo huikamata pistoni na kuirudisha nyuma huku springi ikibanwa. Meno yanapokwisha, pistoni huachiwa ghafla, springi huisukuma mbele ndani ya silinda, na hewa iliyobanwa hupita katika nozeli na kuirusha gololi.

Hayo yote yaweza kutokea zaidi ya mara 10 katika sekunde moja. Kila mara pistoni hugonga kichwa cha silinda, na kila mara ukuta wa mbele wa giaboksi hupokea kishindo hicho.

Mwanzoni mwa mtutu kuna kipande kidogo cha mpira kiitwacho mpira wa hopapu. Kazi yake ni kuikwaruza gololi kwa juu ili itoke ikizunguka kinyumenyume, jambo linaloifanya ielee hewani na kwenda mbali zaidi kabla ya kuanguka.

Bunduki ya gesi haina mota. Gesi huhifadhiwa katika magazini, na nyundo ndogo inapoigonga vali, kiasi kidogo hutoka na kuisukuma gololi. Bunduki ya springi ndiyo nyepesi kuielewa kuliko zote, kwa sababu mchezaji huivuta springi kwa mkono kila anapotaka kufyatua.

HAKIKISHA KWANZA KAMA IMEHARIBIKA

Bunduki nyingi zinazopelekwa kwa fundi hazina ubovu wowote ndani. Kabla ya kufikiria kutengeneza au kununua, mwenye kifaa anapaswa kuondoa shaka katika mambo manne yasiyo na gharama kubwa.

Kabla ya hayo, usalama. Magazini iondolewe, bunduki ielekezwe upande usio na mtu na ifyatuliwe, kwa kuwa gololi moja au mbili huweza kubaki ndani hata baada ya magazini kutoka. Kisha betri ichomolewe. Kila kifaa cha aina hii kishikwe kana kwamba kina gololi ndani, hata kama mwenye nacho anaapa kwamba hakina.

Jambo la kwanza ni betri. Betri ya lithiamu polima yenye seli mbili huandikwa volti 7.4 na yenye seli tatu huandikwa volti 11.1. Seli moja ikijaa hufikia volti 4.2, na haitakiwi kushuka chini ya volti 3. Mita ndogo ya kupimia umeme itatoa jibu kwa dakika moja.

Betri iliyovimba haina matengenezo. Isichajiwe, isitobolewe, wala isirudishwe ndani ya bunduki, maana aina hiyo ya betri inaweza kushika moto. Katika hali hiyo kinachobadilishwa ni betri, na bunduki inabaki ile ile.

La pili ni fyuzi, ambayo katika bunduki nyingi hukaa karibu na plagi ya betri. Ikiwa imeungua, iwekwe nyingine yenye kiwango kile kile cha ampea. Ikiungua tena papo hapo, kuna mahali waya umegusana na mwingine au mota imekwama. Kuunga waya moja kwa moja ili kuikwepa fyuzi ni kuuhamishia moto kwenye waya zenyewe.

La tatu ni hali ya hewa kwa wenye bunduki za gesi. Shinikizo la gesi hupungua baridi inapoongezeka, hivyo bastola iliyofanya kazi vizuri Uingereza mwezi Julai yaweza kuonekana imekufa ifikapo Januari. Magazini ikiwekwa mfukoni na kupata joto la mwili, mara nyingi nguvu hurudi. Isipashwe kwenye moto wala juu ya jiko.

Magazini inayovuja gesi nayo si lazima itupwe. Oringi za vali hukauka zikikaa bila mafuta, na matone machache ya mafuta ya silikoni huzirudishia ulaini. Mafuta ya kawaida ya mashine yasitumike, kwa kuwa hayapatani na mpira wa aina nyingi na huweza kuuharibu.

La nne ni gololi na mtutu. Gololi zilizookotwa chini hubeba mchanga na huwa na mikwaruzo, na moja iliyobonyea inatosha kukwama na kuharibu mpira wa hopapu. Mtutu usafishwe kwa kijiti chake na kitambaa laini kikavu kabla ya kulaumu sehemu nyingine yoyote.

SIKILIZA SAUTI YAKE

Ikiwa mambo hayo manne ni salama na tatizo bado lipo, hatua inayofuata ni kusikiliza. Giaboksi hueleza ubovu wake kwa sauti kabla haijafunguliwa.

Ikiwa kifyatulio kinavutwa na kuna ukimya kabisa, tatizo ni la umeme. Zikaguliwe plagi, waya na kontakti za kifyatulio. Kontakti zilizoungua zina rangi nyeusi, na mara nyingi chanzo chake ni betri ya volti 11.1 kutumiwa katika bunduki iliyoundwa kwa betri ndogo.

Ikiwa mota inavuma kwa sauti nyembamba lakini pistoni haigongi, huenda gia ndogo iliyo kwenye ncha ya mota imelegea, au meno ya pistoni yamelika. La kwanza ni suala la kukaza skrubu. La pili linahitaji giaboksi ifunguliwe.

Ikiwa kuna mlio wa kukwaruza, mota huenda haikukaa kwa urefu unaotakiwa, au gia zimeanza kulana. Hapa mtu asiendelee kufyatua akidhani itajirekebisha, kwa sababu vipande vya jino moja lililokatika husambaa na kuharibu meno mengine.

Ikiwa sauti ni ya kawaida lakini gololi inaanguka karibu, hewa inavuja. Wanaoshukiwa ni oringi ya kichwa cha pistoni, nozeli na mpira wa hopapu. Mpira huo ukichanika, gololi pia huweza kutoka mbili kwa pamoja au kupinda kushoto na kulia.

PALE INAPOFAA KUTENGENEZA

Msingi wa uamuzi ni kutambua kwamba bunduki ya easofti ina sehemu zilizoundwa kuchakaa na sehemu zilizoundwa kudumu. Mpira wa hopapu, oringi, springi, nozeli, kichwa cha pistoni na pistoni yenyewe ni mfano wa kandambili: zinavaliwa, zinaisha, zinabadilishwa. Kuitupa bunduki nzima kwa sababu mojawapo imechakaa ni kutupa baiskeli kwa sababu ya pancha.

Jambo la pili linalotetea matengenezo ni upatikanaji wa vipuri. Giaboksi za umeme zimegawanyika katika matoleo yanayojulikana kwa namba. Toleo la 2 hupatikana katika bunduki zenye umbo la M4 na MP5, na toleo la 3 katika zenye umbo la AK na G36. Watengenezaji wengi wamefuata miundo hiyo iliyoanzia Japan, hivyo kipuri cha kampuni moja mara nyingi huingia katika bunduki ya kampuni nyingine.

Neno "mara nyingi" lisomwe kwa makini. Vipimo hutofautiana kidogo, na pengo dogo kati ya gia mbili linatosha kuzifanya zilane. Ndiyo maana fundi huweka washa nyembamba juu na chini ya kila gia mpaka zizunguke kwa wepesi bila kuyumba. Kazi hiyo inataka subira kuliko nguvu.

Anayefungua giaboksi kwa mara ya kwanza apige picha kila hatua, na aweke skrubu katika vyombo tofauti kwa mpangilio wa kuzitoa. Katika toleo la 2, springi kuu huwa bado imebanwa, na sanduku likifunguliwa kwa pupa huruka pamoja na vipande vidogo ambavyo baadaye hutafutwa chini ya kabati.

Kontakti zilizoungua nazo hutengenezeka. Wengi hutumia nafasi hiyo kufungiwa mosifeti, ambayo ni saketi ndogo inayoupitisha umeme mkubwa wa mota yenyewe, na kuziachia kontakti za kifyatulio kazi ya kutoa ishara tu. Kwa njia hiyo ubovu unatibiwa pamoja na chanzo chake.

Hilo la chanzo ndilo wengi hulisahau. Pistoni ikivunjika meno, kuweka mpya bila kujua kwa nini ya zamani ilivunjika ni kununua ubovu ule ule mara ya pili. Huenda springi ilikuwa nzito kuliko pistoni ilivyoweza kuhimili, au betri ilikuwa na kasi kuliko gia. Mwenye kununua bunduki mpya na kuifungia betri ile ile atarudi kwa fundi na hadithi ile ile.

PALE INAPOFAA KUACHANA NAYO

Zipo dalili ambazo zikionekana, kuendelea kutengeneza ni kupoteza fedha.

Ya kwanza ni ufa katika sanduku la giaboksi lenyewe. Toleo la 2 lina udhaifu unaofahamika sehemu ya mbele, pale kichwa cha silinda kinapopokea kishindo. Gundi haidumu hapo. Sanduku jipya hupatikana, lakini kila kitu kilichomo ndani lazima kihamishwe na kupimwa upya, na kazi hiyo huwa na gharama kubwa.

Ya pili ni bunduki yenye muundo wa kipekee ambao hakuna mwingine aliyeufuata. Ikiwa mtengenezaji ameacha kuitoa na maduka hayana vipuri vyake, hata sehemu ndogo yaweza kuifanya iwe pambo la ukutani.

Ya tatu ni bastola za springi za bei ya chini, ambazo sehemu zake za ndani ni plastiki iliyogandishwa pamoja. Hizo hazikuundwa zifunguliwe, na saa moja ya fundi huweza kuzidi bei yake.

Ya nne ni bastola ya gesi ambayo slaidi au fremu yake imepasuka. Ajali hiyo huwapata hasa wanaotumia gesi yenye shinikizo kubwa, kama kaboni dayoksaidi, katika bastola iliyoundwa kwa gesi ya shinikizo dogo. Mpasuko hauonekani vizuri mwanzoni, lakini slaidi ikikatika wakati wa kufyatua, kipande chake hurudi nyuma kuelekea usoni kwa mchezaji.

HESABU YA FEDHA

Kanuni inayofaa kwa vyombo vingi vya nyumbani inafaa hapa pia: gharama yote ya matengenezo ikizidi nusu ya bei ya kifaa kipya kinacholingana nacho, fikiria kununua. Ikiwa chini ya hapo, tengeneza.

Tuchukue mfano. Tuseme bunduki mpya ya daraja hilo inauzwa pauni 160 nchini Uingereza. Ikiwa tatizo ni mpira wa hopapu wa pauni 10, hakuna la kujadili. Lakini ikiwa linahitajika sanduku, gia na pistoni kwa pauni 70, na ufundi wa pauni 40, jumla ni pauni 110. Nusu ya bei ni pauni 80, hivyo mizani imeelemea upande wa kununua.

Kabla ya kupiga mahesabu hayo, isomwe garantii. Bunduki iliyonunuliwa karibuni huweza kutengenezwa au kubadilishwa na duka bila malipo, lakini maduka mengi hukataa mara yakigundua kwamba giaboksi imekwisha kufunguliwa na mnunuzi. Mwenye haraka ya kushika bisibisi hujikosesha haki yake mwenyewe.

Ipo pia njia ya kati, nayo ni kununua giaboksi kamili iliyokwisha kuunganishwa na kuipachika katika mwili wa zamani. Humfaa mtu ambaye mwili wa bunduki yake bado ni mzima, ana magazini kadhaa zinazoingiliana nayo, na hana ujuzi wa kupanga gia.

Magazini hizo ziingizwe katika hesabu. Anayehamia aina nyingine ya bunduki mara nyingi hulazimika kununua magazini mpya, na pengine betri na chaja. Bei iliyobandikwa dukani haielezi gharama zote hizo.

MATENGENEZO YANAYOVUNJA SHERIA

Baadhi ya wachezaji, wanapopata nafasi ya kufungua giaboksi, hushawishika kuweka springi nzito kuliko ya kiwandani ili gololi iende kasi. Hapo ndipo matengenezo yanapogeuka kosa.

Japan iliibana sheria yake mwaka 2006. Kwa gololi ya milimita 6, nishati isifike jouli 1, na kikomo kinachofuatwa ni jouli 0.98, sawa na kasi ya takriban mita 99 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20. Kifaa kinachozidi hapo hakitazamwi tena kuwa cha kuchezea.

Uingereza iliweka kipimo chake katika sheria ya polisi na uhalifu ya mwaka 2017. Bunduki ya easofti inayoweza kufyatua mfululizo isizidi jouli 1.3, na nyingine zisizidi jouli 2.5. Kwa gololi ya gramu 0.20, hizo ni kasi za takriban mita 114 na mita 158 kwa sekunde. Ikivuka hapo, inatoka katika kundi la easofti na huweza kuhesabiwa silaha ya moto kamili.

Kipimo chenyewe ni rahisi: chukua uzito wa gololi kwa kilo, zidisha kwa mraba wa kasi yake, kisha gawanya kwa 2. Springi mpya ikitoa kasi ya mita 120 kwa sekunde, jibu ni jouli 1.44. Kwa bunduki ya kufyatua mfululizo, mwenye kuitengeneza ameshavuka mpaka, hata kama nia yake ilikuwa njema. Hivyo bunduki yoyote iliyobadilishwa springi au oringi ipitishwe kwenye kipima kasi kabla ya kurudi uwanjani.

Sheria nyingine ya Uingereza, ya mwaka 2006, inahusu upande wa kununua. Ni kosa kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bunduki bandia inayofanana na ya kweli, ila kwa makundi yaliyotajwa, wakiwamo wachezaji wa easofti katika michezo iliyopangwa rasmi na yenye bima. Aidha, aliye chini ya umri wa miaka 18 haruhusiwi kununua bunduki bandia ya aina yoyote.

Maana yake ni kwamba huko, kununua bunduki nyingine si suala la kuwa na fedha tu, maana muuzaji atataka uthibitisho kwamba mnunuzi ni mchezaji. Wasio nao huuziwa zile zenye rangi kali, kama nyekundu au manjano. Kuipaka rangi nyeusi bunduki ya namna hiyo ili ifanane na ya kweli ni kuibadilisha, na hilo nalo limekatazwa na sheria hiyo hiyo.

NCHA YA RANGI YA CHUNGWA

Nchini Marekani, sheria ya shirikisho ya mwaka 1988 inataka bunduki bandia ziuzwe zikiwa na alama ya rangi kali ya chungwa kwenye ncha ya mtutu. Kipande hicho cha plastiki hakiisaidii bunduki kufyatua, na ndiyo maana ni rahisi kukisahau mezani.

Novemba 22, 2014, katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, mtoto Tamir Rice mwenye umri wa miaka 12 alikuwa akicheza na bastola ya easofti katika eneo la bustani ya umma. Mtu mmoja akapiga simu polisi, akisema pia kwamba huenda bastola hiyo ni bandia. Maneno hayo ya mwisho hayakufikishwa kwa askari waliotumwa. Gari lao liliposimama, askari mmoja alimpiga risasi mtoto huyo ndani ya sekunde chache. Alifariki dunia siku iliyofuata.

Bastola ile haikuwa na ncha ya rangi ya chungwa. Rafiki aliyempatia aliwaeleza wachunguzi kwamba iliharibika, akaifungua ili aitengeneze, na alipoiunganisha tena akashindwa kukirudisha kipande hicho.

Desemba 2015 baraza la wazee wa mahakama lilikataa kumfungulia mashitaka askari huyo, na Aprili 2016 mji wa Cleveland ulikubali kuilipa familia dola milioni 6. Mjadala kuhusu mwenendo wa polisi katika tukio hilo ni mpana kuliko kipande cha plastiki, na si haki kumtwisha mtoto au rafiki yake lawama za watu wazima.

Lakini kwa anayeketi mezani na bisibisi mkononi, kisa hicho kinaonyesha kwamba matengenezo hayajakamilika kwa sababu tu bunduki imeanza kufyatua. Yamekamilika pale ilipo vilevile kama ilivyotoka dukani, kwa nguvu yake, kwa rangi yake na kwa alama zake. Ikiwa alama hiyo imepotea au imevunjika na haiwezi kurudishwa, bunduki hiyo isitoke ndani ya nyumba mpaka ipatikane nyingine.

Wala isibebwe wazi kupelekwa kwa fundi. Iwekwe ndani ya begi lililofungwa, bila magazini, na betri ikiwa imechomolewa. Anayefikiria kuisafirisha kwenda nchi nyingine, ikiwa ni pamoja na kuirudi nayo nyumbani Afrika Mashariki, aulize kwanza polisi na forodha wa nchi anayokwenda, kwa kuwa kinachoitwa mchezo katika nchi moja huweza kuitwa silaha katika nyingine.

YA ZAMANI IENDE WAPI?

Aliyeamua kununua nyingine asiitupe ya zamani kwenye pipa la taka. Atakayeiokota hatajua kwamba ni mbovu, na askari atakayemwona nayo hatajua kwamba ni bandia. Ivunjwe vipande, na vinavyofaa, kama mota, gia, mtutu na magazini, vihifadhiwe kuwa vipuri. Betri ipelekwe mahali panapopokelewa betri chakavu.

Kumpa mtoto wa jirani achezee "kwa kuwa haifanyi kazi" ndiyo njia mbaya kuliko zote. Bunduki isiyofyatua inafanana na ya kweli sawasawa na inayofyatua.

Kwa ufupi, mwenye bunduki iliyokwama ajiulize kwa mpangilio: je, imeharibika kweli? Ni sehemu gani iliyoharibika, na kwa sababu gani? Sehemu hiyo iliundwa kuchakaa au kudumu? Gharama imezidi nusu ya bei? Na itakapotoka mezani, itakuwa bado ndani ya sheria, na mtu wa mbali ataweza kuitambua kuwa ni ya kuchezea?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yataulinda mfuko wake. Jibu la swali la mwisho laweza kulinda maisha ya mtu, na kwa hiyo lisiachwe mpaka skrubu ya mwisho imekwisha kukazwa.